Simu Kutoka Toledo

Siku za mechi Abdullatif alipita na begi jeusi la nailoni akikusanya simu za wachezaji wote. Alianza mchana, baada ya chakula, na simu hazikurudi kwa wenyewe mpaka mechi imekwisha. Yeye ndiye aliyekuwa meneja wa timu, mtu mpole, anayeongea chini chini mpaka unamsogelea ili umsikie, na ukishamsogelea unajikuta umeshakubali. Mimi sikuwahi kumpenda. Nilikuwa mdeki wa korido tu, hakuna aliyeniuliza nampenda nani, lakini nasema.

Jina langu Redempta, mzaliwa wa Kilema, Moshi. Mwaka ule wa 2014 nilisafisha jengo la ghorofa huko Al Qusais, katika nchi ya Waarabu, ambako klabu iliwaweka wachezaji wake. Kampuni ya usafi ilitulaza Muhaisnah, kitanda juu ya kitanda, na basi lake lilitushusha alfajiri na kutuzoa jioni. Ukilikosa, shauri yako.

Mchezaji wa kigeni wa timu ile ya kikapu aliitwa Royce Tillery, Mmarekani wa mji unaoitwa Toledo. Alikuwa mrefu kiasi cha kuniudhi. Taa za korido alizigusa kwa kichwa, nami nikazifuta upya. Umri ulishamtupa mkono kwa kazi ile. Magoti yalilia akipanda ngazi, na alikuwa amekwisha kucheza Ufini, Uruguay, Lebanoni, Ufilipino na kwingine ambako hata jina la mji lilimtoka. Kwao, alisema, watu hudhani kila mchezaji wa kikapu ni tajiri anayeonekana kwenye televisheni. Hawajui kuna wanaozunguka dunia na sanduku moja, msimu huku, msimu kule, mbele ya viti vitupu, na mtu akiteleza kidogo tu anakuta mwenzake ameshaletwa. Hata wakati ule klabu ilikuwa na Mmarekani wa pili katika hoteli moja ya Deira, amewekwa kama tairi la akiba. Royce alijua. Ndiyo maana hakukosa zoezi, hakubishana na kocha, na begi jeusi likipita aliitumbukiza simu yake bila neno.

Tulizoeana kwa sababu ya chakula. Alinikuta siku moja nimekaa kwenye ngazi nakula wali na maharage ya nazi, akaomba aonje, na bakuli halikurudi. Toka hapo alinunua vitu bakala, lile duka dogo la chini ya jengo, nami nikimaliza kudeki nikampikia haraka haraka, ingawa kampuni ilikataza. Alinilipa kwa maneno yake ya kuchekesha na kwa kuniuliza habari za kwetu, jambo ambalo katika jengo lile lilikuwa adimu kuliko pesa. Kila alipotaka kunisifu aligonga tumbo lake mara mbili kwa kiganja. Ikawa ndiyo salamu yetu.

Na alikuwa na mama yake. Bi Lorraine, mgonjwa wa figo, ambaye kila jioni yetu, kule kwao ikiwa asubuhi, alipigiwa simu kwa kadi za kukwangua maana simu za mtandaoni zilikuwa hazipiti. Yule mama hakuuliza mwanawe amefunga vikapu vingapi. Aliuliza swali moja tu, kila siku: umekula nini leo? Royce alijibu kwa urefu, maharage, nazi, mchicha, mpaka siku moja mama akataka kuzungumza na huyo mpishi. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyeimba kanisani miaka mingi.

"Wewe ndiye unayemlisha mwanangu?" aliniuliza. "Basi endelea hivyo hivyo. Mimi siwezi kufika huko."

Nililia jikoni, sioni haya kusema. Mama yangu mwenyewe alikuwa na miaka kadhaa ardhini.

Msimu ulipokaribia mwisho, figo za Bi Lorraine zilikataa kabisa na moyo nao ukaanza kuchoka. Royce akamwendea Abdullatif kuomba ruhusa. Abdullatif alimwambia, kwa ule upole wake, kwamba mama ni mama, aende tu, ila pasipoti iko ofisini kwa kafeel, mdhamini wa ajira yake, na kafeel yuko safarini. Na bila shaka anaelewa kwamba fainali ya kombe haiwezi kumngoja, na yule kijana wa Deira yuko tayari. Royce alielewa. Akakata tiketi ya usiku ule ule wa fainali, kutoka uwanjani moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege. Alimweleza mama yake mbele yangu, simu imewekwa sauti kubwa mezani, mimi nakatakata vitunguu.

"Nitakungoja," mama alisema.

Royce akasema ni siku chache tu.

"Nimesema nitakungoja. Wewe kula ushibe."

Ile ilikuwa mara ya mwisho mimi kuisikia sauti yake.

Siku ya fainali timu iliondoka mapema kwenda kupumzika kwenye ukumbi wa klabu, upande wa pili wa Al Twar. Nilikuwa ghorofa ya tatu na ndoo yangu nilipomwona Severin anapanda ngazi taratibu, kofia mkononi. Severin ni mtu wa Rombo, dereva wa basi dogo la timu, na kwangu alikuwa kama kaka. Alinizidi miaka kumi na kitu na ndiye aliyenitafutia kazi ile. Siku ya mechi hakupaswa kuwa pale. Wala si mtu wa kuvua kofia bila sababu.

"Redempta, acha kudeki kwanza," akasema. "Mama yake Royce hatunaye."

Niliketi juu ya ndoo. Akanieleza. Begi la simu hukaa chini ya kiti chake kwenye basi, na simu ya Royce ilikuwa ikilia humo tangu wachezaji waliposhuka. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mwishowe aliitoa akaipokea. Alikuwa dada yake Royce, Yolanda, anapiga kutoka Marekani kwa laini ya kawaida, wakati kule hakujapambazuka. Nikamuuliza huyo dada alisemaje hasa.

"Alisema mama anaumwa sana. Royce apige simu sasa hivi, asichelewe."

"Basi," nikasema.

"Basi," naye akasema.

Hatukuhitaji zaidi ya hapo, na yeyote aliyelelewa kwetu atajua kwa nini. Kwetu msiba hautupwi kwenye simu. Mtu aliye mbali huambiwa mama hajisikii vizuri, tafuta ruhusa uje. Anaumwa sana, fanya haraka. Anayepiga anajua, anayepigiwa anajua, na wote wawili wanashikilia uongo huo kama kamba mpaka mtu afike nyumbani, akalishwe, akalishwe tena, kisha mzee amweke chini na kumwambia huku ameshikwa mabega. Baba yangu alipofariki mimi niliambiwa ana homa. Nilipanda basi kutoka Dodoma, na nilipokata kona ya nyumbani niliona viti vya plastiki vimepangwa uani kabla sijaona mtu yeyote. Viti vile ndivyo vilivyoniambia. Mpaka leo sipendi kuviona vimepangwa mstari.

Kwa hiyo Severin alikuwa na hakika, na mimi nilikuwa na hakika. Swali lililobaki lilikuwa jinsi ya kumfikishia Royce. Severin alikwisha fikiri yote njiani. Kumwambia saa ile, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wanaume wanadundisha mipira, kocha anapiga kelele, hakuna hata mtu mmoja wa kumshika, huo ungekuwa ukatili. Marehemu hana haraka tena. Acha amalize mechi yake, alisema, ajira yake isipotee siku moja na mama yake. Kisha atamleta nyumbani kuchukua sanduku, akute watu, akute chakula, aambiwe kama binadamu, halafu ndiyo apelekwe uwanja wa ndege. Ataenda kumzika akiwa amekwisha kulia na wenzake.

Niliona ni jambo jema. Nilimwona Severin mtu mwema kuliko wote wenye makoti pale klabuni, na hata sasa siwezi kusema alikuwa mbaya. Hilo ndilo linaloniunguza.

Tukagawana kazi. Yeye angerudi kwenye basi na kumwambia Fanuel, Mkenya wa Kakamega aliyekuwa mlinzi wa mlango wa ukumbi na mzee wa kanisa lake, ajiandae kuomba. Mimi ningepika. Hamida wa Tanga, aliyefanya kazi jengo la jirani, nilimpigia naye akasema anakuja na kina mama wengine wakishatoka kazini, na ataazima viti vya plastiki kwa mlinzi wa jengo lao. Ufunguo wa nyumba ya Royce nilikuwa nao. Nikafagia sebule, nikasukuma kochi, nikafunika kioo cha televisheni kwa shuka. Nikaloweka maharage, nikakuna nazi, nikabandika nyama. Nilipika kama ninavyopika msibani, sufuria kubwa, bila kuonja.

Viti vilipofika nilivipanga mwenyewe kuzunguka ukuta.

Jua lilipoanza kulala nilisikia basi la kampuni likipiga honi chini, nikaliacha liende. Kosa lile peke yake lilitosha kunipa onyo la kampuni. Muda si mrefu Severin akapiga kuuliza wali umefikia wapi. Mechi ilikuwa karibu kuanza, alisema, na Royce alikuwa ametoka kupasha misuli akiwa na furaha, masikini. Kisha akaongeza, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, kwamba yule dada alikuwa amepiga tena mara nyingi. Mara ya mwisho alikuwa analia. Eti mama anamuulizia Royce, yuko wapi, mbona hapigi.

"Si unajua wanavyosema," Severin alisema.

Nilijua. Kwetu pia husema hivyo: anakutaja wewe tu, njoo. Nilikata simu, nikarudi kwenye sufuria, nikashika mwiko, nikauweka tena chini.

Nilimkumbuka madam wangu wa kwanza, kule kwenye villa moja ya Al Twar kabla sijaingia kampuni. Mwanamke wa Kimarekani, mwembamba, mwenye haraka. Asubuhi moja alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, simu ikaita, akasikiliza, akaiweka chini. Akaniambia, "Baba yangu amefariki. Leo mchana hatutakuwa na wageni." Akamaliza kupaka siagi. Nilimwona mtu asiye na moyo mpaka nilipomkuta amejifungia bafuni analia kwa taulo. Kumbe moyo alikuwa nao. Ila wao hawazunguki. Amekufa wanasema amekufa. Na wakisema anaumwa, maana yake anaumwa.

Nilizima jiko. Sikumbuki kama nilifunga mlango.

Kwenye teksi nilimpigia Severin na hakupokea. Njia ya kutoka Al Qusais jioni ya Ijumaa ilikuwa imejaa magari yaliyosimama, taa nyekundu mbele yangu mpaka macho yanapoishia, na dereva, Mpathani mzee, alinitazama kwenye kioo akauliza kama naenda hospitali. Nikamwambia ndiyo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Severin nilimkuta ndani ya basi, rozari mkononi, amefumba macho. Alikuwa anamwombea marehemu. Nilimnyang'anya begi nikalimwaga kwenye kiti, simu zikatawanyika kama viazi, na ya Royce nikaitambua kwa kava lake la kijani. Severin akauliza nina wazimu gani. Nilibonyeza namba ya mwisho iliyopiga. Haikulia hata mara mbili.

"Royce? Royce, Mungu wangu, uko wapi?"

Nikasema mimi ni Redempta, yule mpishi. Nikauliza mama anaendeleaje. Sikujua niulize vipi zaidi ya hapo; ulimi wangu ulizunguka wenyewe, kama ulivyofundishwa.

Yolanda alisema mama yuko hai lakini madaktari hawampi muda. Anaamka na kulala, anaamka na kulala. Kila akiamka anauliza kama mwanawe amepiga. Wamemwekea simu juu ya mto, karibu na sikio. "Tafadhali," akasema. "Mpe simu. Dakika moja tu. Mimi nimepiga tangu alfajiri ya kwetu, mtu mmoja akapokea akaniambia inshallah."

Nilimtazama Severin. Alikuwa amesikia. Akashika usukani kwa mikono miwili kana kwamba basi linakwenda.

Nilimwambia Yolanda asikate. Nikakimbia.

Fanuel alikuwa mlangoni, amevaa sare yake iliyopigwa pasi, na aliponiona akaanza kunipa pole ya msiba. Nikamwambia hakuna msiba, mama yuko hai, yuko kwenye simu hii. Akasema, "Wacha! Si Severin ameniambia nijiandae kumwombea marehemu?" Nikampita. Hakunizuia, na kwa hilo namshukuru, maana yaliyofuata hakuyaweza.

Sikuwahi kuingia mle ndani wakati wa mechi. Royce alinialika mara nyingi, na kila mara basi la kampuni lilinizuia. Ukumbi ulikuwa umejaa siku hiyo, ngoma zinapigwa, wanaume wenye kanzu nyeupe mstari wa mbele, vijana nyuma wanaruka. Ubao wa taa ulionyesha robo ya nne. Nilimwona Royce katikati ya wote, amelowa jasho, anachechemea kidogo, anaelekeza wenzake kwa kidole. Nilikwenda moja kwa moja kuelekea benchi na sare yangu ya usafi, viatu vya mpira, harufu ya vitunguu.

Abdullatif alisimama mbele yangu. Sikumwona alipotokea. Nilimweleza kila kitu kwa pumzi moja, mama anakufa, yuko kwenye simu, dakika moja tu, kocha aombe mapumziko. Alinisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza habari za mtoto wake. Kisha akanyoosha mkono na kuichukua simu kwenye vidole vyangu, taratibu, wala hakuvuta. Nilidhani anaipeleka.

"Zimebaki dakika chache sana, dada yangu," akasema. "Nitampa mwenyewe. Baada ya mechi, inshallah. Khalas, basi."

Akaiweka kwenye mfuko wa kanzu. Nilikuwa karibu naye mno, nikasikia sauti ya Yolanda ikitoka mle mfukoni, ndogo, ikisema halo, halo, upo? Abdullatif akaingiza mkono akabonyeza, na sauti ikakatika.

Hapo nilipiga kelele. Niliita Royce, nikaita mama, nikaita kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa nguvu zangu zote. Ngoma zilinimeza. Lakini mpira ulikuwa umetoka nje, alikuwa amesimama anashika magoti, na akageuka. Aliniona. Uso wake wote ukafunguka. Alidhani nimekuja hatimaye kumshangilia. Akajigonga tumbo mara mbili kwa kiganja, akacheka, akarudi mchezoni.

Fanuel ndiye aliyetumwa kunitoa. Alinishika mkono juu ya kiwiko. "Sister, please," alikuwa akisema, "usinifanyie hivyo, nina watoto shule, please." Alinisukuma mpaka koridoni na kufunga mlango, akasimama mbele yake akilia bila sauti. Nilimpiga kifuani kwa ngumi. Hakujikinga.

Tukasimama pale, mimi, Fanuel, na Severin aliyekuja akaegemea ukuta, tukisikiliza mechi kupitia mlango. Kila makofi yalipopigwa nilijua ni muda mwingine umekwenda. Nilimchukia kila mtu aliyepiga makofi. Ukumbi ukalipuka mwishowe, ngoma zikaenda wazimu, na tukajua wameshinda.

Abdullatif alitimiza ahadi yake. Royce alitokea koridoni na medali shingoni na wavu wa kikapu ameuvaa kama kitambaa, na meneja akampa simu kwa mikono miwili, akamwambia kwa upole kwamba nyumbani kwao wamekuwa wakimtafuta. Royce alitazama kioo cha simu. Tabasamu lilibaki mdomoni muda kidogo baada ya macho kuliacha. Akapiga.

Alisema, "Lini?" Kisha akasema, "Sasa hivi?" Akashuka ukutani mpaka sakafuni, miguu mirefu imeziba njia yote, na watu waliobeba kombe wakalazimika kumruka. Yolanda aliendelea kuzungumza. Niliona Royce anasikiliza kitu kwa muda mrefu. Kisha akainua macho, akatupitia mmoja mmoja, akasimama kwa Severin.

"Wewe ndiye uliyepokea simu?" akamuuliza. "Mchana?"

Severin angeweza kusema begi lilikuwa na amri yake, kwamba meneja alikataza. Badala yake alivua kofia.

"Nilidhani ameshafariki," akasema.

"Nani alikuambia amefariki?"

"Hakuna."

"Dada yangu alikuambia nini?"

"Alisema anaumwa sana. Kwamba upige haraka."

Royce alimtazama kama mtu anayesubiri sehemu iliyobaki ya sentensi. Nilitaka kueleza, habari za baba yangu, homa, basi la Dodoma, lakini kwa Kiingereza changu cha kudekia maelezo yale yote yangekuwa kelele tu. Abdullatif akampa Royce pole ya Mwenyezi Mungu na kumwambia pasipoti iko tayari kwenye bahasha, na kwamba, kwa kuwa msimu umekwisha, klabu inamshukuru kwa yote.

Severin alituendesha mpaka Al Qusais kuchukua sanduku. Royce aliketi nyuma, medali bado shingoni, simu mapajani, kioo kimezimika. Hakulia. Alikuwa anatazama nje kwenye taa za maghala, na mara moja tu alisema, si kwa yeyote kati yetu, kwamba mama alikuwa amesema atamngoja.

Ni ndani ya lifti nilipokumbuka. Nilisema Royce, subiri, ngoja mimi nitangulie, na nikamshika mkono, lakini lifti ilikuwa imefunguka na mlango wa nyumba yake, ule ambao sikukumbuka kuufunga, ulikuwa wazi, na mwanga umejaa koridoni.

Hamida alikuwa ameongoza mambo vizuri. Viti vilikuwa vimejaa kuzunguka ukuta wote. Kina mama walikuwa wamejifunga khanga na mitandio, wengine hata hawakumjua Royce, walikuja kwa sababu ni mtu wa watu na hana ndugu mjini. Televisheni imefunikwa. Mkeka umetandikwa. Mshumaa umewashwa mbele ya msalaba alioutoa mtu kwenye mkoba wake. Alipoinama kuingia mlangoni wote walisimama pamoja, na sauti zao zikaanza, pole, pole baba, pole sana, Mungu akutie nguvu. Ilikuwa heshima kamili. Nyumbani kwetu mtu asingeweza kutaka zaidi.

Royce alisimama katikati ya sebule yake. Alitazama viti, kimoja kimoja, akizungusha kichwa taratibu. Alitazama shuka juu ya televisheni. Neno pole alilijua, nilimfundisha mwenyewe, naye alilipenda sana. Alisema kwao hakuna neno kama hilo la kumpa mtu kila anapojikwaa. Sasa lilimjia kutoka pande zote.

Akaenda jikoni. Nikamfuata. Sufuria kubwa lilikuwa juu ya jiko pale nilipoliacha, wali wa nazi umeshikana na kupoa, maharage pembeni yameanza kufanya utando juu. Alifunua kifuniko. Akagusa wali kwa ncha za vidole, kwa uangalifu, kama mtu anayepima homa kwenye paji la uso la mtoto.

Akanigeukia. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kwa upole kabisa, kama mama yake alivyokuwa akimuuliza yeye kila siku habari za chakula.

"Redempta," akasema, "ulianza kupika saa ngapi?"